Baiskeli ya mlimani yenye mota kwa njia za Dodoma: tumeipima na ya kukanyaga

Mbigili haibagui baiskeli. Ukishuka Iyumbu nyuma ya Chuo Kikuu mwezi wa saba, tairi ya baiskeli ya euro 5,000 na tairi ya Phoenix iliyobeba madumu zinaokota miiba ileile. Anayetaka kujua kama baiskeli za mlimani zenye mota zitazifuta za kukanyaga huku kwetu aanzie hapo. Akianzia kwenye kasi atanunua siku hiyohiyo, kisha ataanza kujifunza.

Tumeangalia aina tatu. Ya kwanza ni ya kiwandani yenye mota katikati, pale ekseli ya pedali inapopita: daraja la Bosch Performance Line CX au Shimano EP8, nguvu ya msokoto Nm 85, betri ya Wh 500 hadi 750 (Wh ni wati-saa, kiasi cha umeme ambacho betri inabeba) iliyofichwa ndani ya fremu, shokapu mbele na nyuma, uzito kilo 22 hadi 25. Ya pili ni ya Kichina yenye mota kwenye kitovu cha gurudumu la nyuma, volti 48, betri ya Ah 10 hadi 15 (Ah ni ampea-saa, zidisha kwa volti upate Wh). Ya tatu ni mtumba wa Japani uliofungiwa seti ya mota na fundi. Ya kulinganishia ni baiskeli ya giya isiyo na mota, fremu ya alumini, shokapu ya mbele tu, kilo 13 au 14.

Kwenye kupanda, mota haina mpinzani. Mtu wa kilo 75 juu ya baiskeli ya kilo 24 anahitaji Wh 27 kunyanyuliwa mita 100. Ukihesabu na umeme unaopotea kwa joto, ni kama Wh 35 hata asipoweka nguvu yake. Betri ya Wh 500 ina mita zaidi ya 1,000 za mpando ndani yake, na hakuna kilima cha kuuzunguka mji huu kitakachoimaliza kwa pandisho moja. Kinachoimaliza ni mchanga na upepo wa kiangazi. Kwenye lami, msaada ukiwa mdogo, hesabu Wh 8 hadi 10 kwa kilomita. Kwenye mchanga wa makorongo na njia za ng'ombe hesabu 15 hadi 25. Maana yake betri ileile inayokupeleka kilomita 50 kwa barabara kuu inaweza kukuishia njiani ukikatisha porini.

Ukipima kwenye mchanga ndipo utaona tofauti ya mota na mota. Ile ya katikati ina sensa inayopima nguvu ya mguu: ukikanyaga taratibu inasaidia taratibu. Za bei nafuu zina sensa inayohesabu mizunguko tu. Inachelewa nusu mzunguko, kisha inamwaga nguvu yote kwa mkupuo, na gurudumu la nyuma linachimba shimo lake lenyewe. Ukiwa na aina hiyo, kabla ya kuingia korongoni teremsha msaada uwe namba 1, weka giya ya kati, punguza upepo wa tairi hadi psi 18 kwa tairi ya inchi 2.4, rudisha makalio nyuma ya kiti, na usikate kona. Mwenye baiskeli ya kawaida hufanya hayohayo, ila yeye akikwama anashuka na kuinyanyua kwa mkono mmoja. Kilo 24 kwenye ukuta wa korongo wenye urefu wa kifua ni kazi ya watu wawili.

Kuna jambo la ardhi pia. Kondoa, kwenye vilima vinavyoelekea michoro ya Kolo, ndiko serikali ilikoanzisha mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) mwaka 1973 na kuondoa mifugo mwaka 1979 kwa sababu ya mmomonyoko. Udongo ule ukikatwa na gurudumu linalozunguka bila kushika, mvua ya kwanza inafuata mstari huohuo. Mota inakupa uwezo wa kupanda mteremko kwa kunyoosha, jambo ambalo mguu peke yake haukuruhusu. Usilifanye. Panda kwa kuzungukazunguka kama mbuzi.

Kwenye lami mambo yanageuka. Za kiwandani zilizotengenezwa kwa sheria za Ulaya zinakata msaada kwenye kilomita 25 kwa saa. Kutoka mjini hadi Mji wa Serikali Mtumba ni kilomita 17 hivi. Mwenye miguu mizuri atavuka 25 mara nyingi, na kila anapovuka anasukuma chuma cha kilo 24 chenye tairi za vibonge bila msaada wowote. Baiskeli ya kawaida yenye tairi laini itafika nayo sambamba, pengine mbele. Za Kichina hazina adabu hiyo, nyingi zinafika 35 au 40, lakini breki zake huwa za kuvutwa kwa waya na diski za milimita 160. Kwa uzito ule na kasi ile tunataka diski ya 180 nyuma, 203 mbele, na breki za mafuta. Ukiinunua na diski za 160, badilisha kabla hujabadilisha kingine chochote.

Turudi kwenye mbigili, maana hapa ndipo fedha na jioni zinapopotelea. Tunda lake likikauka linapasuka vipande vitano, kila kimoja kina miiba ambayo haikosi mmoja wa kutazama juu. Unaota baada ya mvua za Desemba hadi Aprili, na kuanzia mwezi wa sita umetapakaa kila kichochoro. Tyubu ya kawaida haiwezi kuuvumilia. Dawa ni tairi isiyo na tyubu yenye silanti, yale maji meupe ya mpira yanayoziba tundu yenyewe. Tairi ya 29 kwa 2.4 itilie mililita 120. Vitabu vinasema uongeze kila baada ya miezi mitatu au minne. Kwa ukavu wa Dodoma fungua uangalie kila miezi miwili, utakuta imebaki utando mkavu kama ngozi ya maziwa. Mwiba ukibaki kwenye tairi usiung'oe porini. Endelea nao hadi nyumbani, ung'oe, zungusha tundu liwe chini ili silanti ilifuate.

Angalia valvu. Baiskeli nyingi za kiwandani zina valvu nyembamba ya Kifaransa, na pampu ya fundi wa chini ya mwarobaini haiingii. Nunua adapta mbili za shaba, moja ikae kwenye valvu, nyingine kwenye mfuko wa kiti. Ni kitu kidogo kama punje ya mahindi, na bila hicho utatembea.

Kwa baiskeli ya mota ya nyuma, pancha ni kazi ya namna nyingine. Kama mwiba unaonekana, usitoe gurudumu kabisa: toa upande mmoja wa tairi, vuta kipande cha tyubu nje, kwangua, paka solusheni, subiri ikauke, bandika kiraka, rudisha. Ikibidi gurudumu litoke, fuata mpangilio huu. Zima, kisha chomoa betri. Tafuta plagi ya waya wa mota kwenye mkono wa chini wa fremu, uvute ukiwa umenyooka bila kuuzungusha, maana pini zake tisa zikipinda umeharibu siku. Kata vibanio vya plastiki na uwe na vingine mfukoni. Fungua nati kwa spana ya 18 au 19, kutegemea mota. Kumbuka kila washa, ile pete bapa ya chuma chini ya nati, ilikaa upande gani. Ile yenye jino, jino linaingia kwenye mpasuo wa fremu. Kurudisha ni kinyume chake, waya ukitazama chini ili maji ya mvua yadondoke yasiingie kwenye ekseli. Kaza hadi Nm 40. Huna spana ya kipimo? Shika spana ya kawaida sentimita 20 kutoka kwenye nati na uvute kwa nguvu ya kunyanyua ndoo ya lita 20. Mishale miwili kwenye plagi ikutane kabla ya kusukuma.

Mafundi wetu wengi huziruka hizo washa zenye jino. Nati ikilegea kidogo, mota inajizungusha yenyewe ndani ya mpasuo wa fremu, inapasua alumini na kukata waya wake. Kwa mtumba uliofungiwa seti ni lazima uwekwe mkono wa chuma wa kuzuia ekseli isizunguke, uliofungwa kwenye fremu kwa bolti. Na ukiona mtu anataka kufunga mota gurudumu la mbele kwenye shokapu ya alumini, mwambie aache. Ncha za shokapu ile hazikutengenezwa kubeba msokoto, zikikatika ni kwenye mteremko. Spoki za mota nazo zinalegea baada ya kilomita 50 hadi 100 za mwanzo. Zigonge moja moja kwa bisibisi usikilize mlio. Inayotoa mlio mzito kuliko wenzake kaza nipeli yake nusu mzunguko. Ukipuuza zinaanza kukatika, na spoki fupi nene za mota huzipati kwenye duka lenye spoki za Phoenix.

Betri. Kuichaji ni rahisi kiasi cha kuchekesha. Betri ya volti 48 na Ah 13 ina Wh 624. Ikichajiwa kutoka sifuri inavuta kama uniti 0.7 ukutani (uniti moja ni Wh 1,000). Kwa mteja wa nyumbani asiye kwenye kundi la matumizi madogo, uniti moja pamoja na makato yake inaangukia shilingi 350 na kitu. Kwa hiyo ni shilingi 250 kwa kilomita 40 au 50, pungufu ya nauli ya daladala ya safari moja. Bodaboda ndiyo inayopaswa kuogopa hesabu hiyo, siyo baiskeli ya kukanyaga, ambayo haitumii hata senti.

LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, inakusaidia pia kumkamata muuzaji. Betri nyingi za bei nafuu zimeandikwa Ah 20 na ndani zina 10. Iendeshe hadi ikate yenyewe. Nyumbani zima friji na kila kitu, andika uniti zilizobaki kwenye mita pamoja na desimali, chomeka chaja hadi taa iwe ya kijani, andika tena. Betri ya kweli ya 48V 20Ah lazima ile uniti 1 na kidogo. Ikila 0.5 umeuziwa nusu. Kama muuzaji haruhusu jaribio, chukua mizani ya sokoni. Hata kwa seli nzuri za Ah 3.5, betri hiyo inahitaji seli 78 zenye gramu 48 hivi kila moja, yaani kilo 3.7 kabla ya kasha na waya. Iliyoandikwa 20 na ina kilo 3 kwa jumla inasema uongo.

Kinachoua betri huku ni joto. Ya volti 48 ikijaa inasoma 54.6, ikikaa imejaa kwenye chumba cha bati mchana wa Oktoba inazeeka haraka kuliko kwa kuendeshwa. Watengenezaji wengi wanaweka kikomo cha kuchaji kwenye nyuzi 40. Ukirudi saa nane mchana iache ipoe saa nzima kivulini, chaji usiku au alfajiri. Kama hutaitumia wiki kadhaa, iache kwenye volti 48 hadi 50. Umeme ukikatika chomoa chaja ukutani, kwa sababu umeme unaporudi kwa kishindo ndipo chaja za bei rahisi zinapoungua. Usiichajie betri kwenye chumba unacholala, wala karibu na mlango ambao ndiyo njia yako pekee ya kutokea.

Mvua ina msimu mfupi hapa, lakini makorongo yakishuka yanashuka. Alama ya IP54 iliyo kwenye mota nyingi ina maana ya marushio, haina maana ya kuvuka maji yanayofika kwenye pedali. Usipeleke kwenye mashine ya kuoshea magari. Kitambaa na ndoo vinatosha.

Cheni ndiyo gharama ambayo wauzaji hawaitaji. Mota ya katikati inapitisha nguvu zake zote pamoja na za mguu kwenye cheni moja nyembamba ya giya 12. Kwa vumbi letu usishangae ikichakaa kabla ya kilomita 1,500. Pima kwa rula: vipande 24 vya cheni mpya, kutoka katikati ya pini hadi katikati ya pini, ni milimita 304.8. Zikifika 306.3 badili cheni. Ukisubiri zaidi utabadili na kaseti ya nyuma. Legeza mguu nusu mzunguko kila unapobadili giya. Na tafadhali, oili chafu ya gari isiguse hapo: inashika vumbi na kuwa msasa. Tumia mafuta mepesi ya cheni au nta, futa yanayobaki nje hadi kitambaa kisipate rangi. Cheni za giya 6 hadi 8 zinakaa kwenye maduka ya kawaida ya vipuri. Ya 12 agiza mapema, uweke mbili ndani.

Ikigoma njiani, anza na mambo madogo. Kwenye Bosch za miaka ya nyuma kuna sumaku kwenye spoki ya nyuma. Ikisogea, mota inawaka mita chache kisha inakata na kioo kinaonyesha hitilafu. Irudishe ielekeane na sensa, nafasi ya milimita 5 hadi 17. Kwa mota za Kichina, chomoa plagi ya mota kisha zungusha gurudumu kinyumenyume. Likiwa zito linaruka kwa hatua hata baada ya kuchomoa, nyaya tatu nene za ndani zimegusana, fungua mota. Likiwa jepesi baada ya kuchomoa na zito ukichomeka, kontrola (kisanduku kinachoongoza umeme wa mota) imeungua, na kontrola inabadilishwa na fundi yeyote wa redio anayejua kusoma rangi za waya. Hapo za bei nafuu zinaishinda ya kiwandani kwa mbali. Mota ya Bosch au Shimano ikifa, inahitaji programu ya wakala, na fundi wa kawaida hana mlango wa kuingilia. Betri yake huko Ulaya inauzwa kati ya euro 600 na 900 kutegemea ukubwa, na huwezi kumwomba ndugu anayekuja likizo akuletee: ndege za abiria hazipokei betri ya lithiamu inayozidi Wh 160. Itakuja kwa meli au kwa mzigo maalumu, kama bidhaa ya hatari.

Wanaosema ya kukanyaga imekwisha hutaja Ujerumani, ambako mwaka 2023 baiskeli za umeme ziliuzwa nyingi kuliko za kawaida. Ni kweli. Ila kule njia ya msituni huishia kwenye kituo cha basi, huku huishia kwenye zizi la ng'ombe. Na kwenye mashindano hakuna aliyemfuta mwenzake. Mashindano ya dunia ya baiskeli za mlimani zenye mota yalianza mwaka 2019 kule Mont-Sainte-Anne, Canada, na mwanamume wa kwanza kuyashinda alikuwa Alan Hatherly wa Afrika Kusini. Mwaka 2024 Hatherly huyohuyo alipata shaba ya Olimpiki Paris na kuwa bingwa wa dunia Andorra, mara zote mbili kwa kukanyaga.

Kwa kazi ya kubeba, mjadala haupo. Baiskeli yenye shokapu ya nyuma haina pa kufunga keria ya maana, na viwanda vingi vinaweka kikomo cha kilo 120 hadi 150 kwa jumla, mtu na baiskeli vikiwa ndani. Mtu wa kilo 75, baiskeli 24, madumu matatu ya lita 20: umevuka kabla ya kuondoka kisimani. Mama wa Mvumi anayefuata maji kwa Phoenix hana anachokikosa kwenye baiskeli hizi.

Tungemshauri nani anunue? Mfanyakazi anayekaa Ilazo au Nzuguni, anayekwenda Mtumba kila siku na hataki kufika amelowa jasho: ya mota ya nyuma, breki zikiwa zimebadilishwa, betri imepimwa kwa LUKU. Mwenye goti bovu au umri uliosogea anayetaka kurudi vilimani na wenzake: ya katikati, kama ana fedha na uvumilivu wa kuagiza vipuri. Mwanafunzi wa Udom, kijana wa mazoezi, na yeyote anayepita Chenene au Bahi peke yake mbali na barabara: ya kukanyaga, bila kusita. Pancha na kiu vikikukuta kilomita 20 porini, kilo 13 unazibeba begani.

Ukiamua ya mtumba yenye mota, kabla hujatoa fedha tia betri na itoe mara tatu uone kama kufuli linashika, angalia pini za plagi kama hazina weusi wa kuungua, na dai funguo zote mbili. Namba iliyochongwa kwenye ufunguo ipige picha palepale, kwa sababu betri iliyofungwa ndani ya fremu bila ufunguo inatolewa kwa drili tu.